Bustani ya Maua Katika Nchi ya Baridi

Wasomaji wetu wakaao nyanda za juu, kama Limuru, Molo na Kinangop, waijua baridi. Wameona jinsi usiku usio na mawingu uletavyo jalidi, yaani umande ulioganda, na jinsi majani ya viazi yawavyo meusi asubuhi kana kwamba yamepitiwa na moto. Lakini kwetu baridi hiyo ni kama mgeni apitaye: huja usiku, na jua likipanda huondoka. Katika nchi zilizo mbali na ikweta baridi si mgeni, bali ni mwenye nyumba, nayo hukaa miezi mitano.

Hata hivyo watu wa nchi hizo hupanda maua mbele ya nyumba zao, na mengi ya maua hayo hutokea tena mwaka baada ya mwaka. Yawezekanaje mmea ulale chini ya theluji muda wote huo usife? Na mwenye bustani afanye nini ili usife? Hilo ndilo somo letu. Kwa mfano tumechagua mji wa Ottawa, ulio mji mkuu wa Kanada, ambao sifa zake za maua na sifa zake za baridi zote mbili ni kubwa.

MWAKA WA MAJIRA MANNE

Kwetu mwaka hugawanywa na mvua. Husemwa: masika yamefika, au vuli imechelewa. Kule Ottawa mvua yaweza kunyesha mwezi wo wote usio wa theluji; kinachougawa mwaka ni joto na urefu wa mchana. Sisi tulio karibu na ikweta hupata mchana wa saa 12 hivi siku zote. Mji wa Ottawa uko digrii 45 kaskazini ya ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni mchana wake hupita saa 15, na mwezi wa Desemba haufiki saa 9.

Basi majira yao ni manne. Majira ya kuchipua huanza theluji iyeyukapo, mwezi wa Machi na Aprili. Majira ya joto ni Juni hata Agosti. Kisha huja majira ya kupukutika majani, Septemba hata mapema Novemba. Majira ya baridi hushika miezi iliyobaki. Katika Januari joto la kawaida, ukichanganya usiku na mchana, huwa kama digrii 10 chini ya kiwango cha maji kuganda, na usiku mwingine hushuka mara mbili ya hapo na zaidi. Theluji iangukayo kwa mwaka mmoja, kama ingepimwa yote pamoja, ingepita kimo cha mtu, maana ni zaidi ya mita 2.

Katika mwaka wa namna hii mtunza maua ana tarehe mbili azikumbukazo kuliko zote: siku ya jalidi ya mwisho katika majira ya kuchipua, na siku ya jalidi ya kwanza katika majira ya kupukutika. Kati ya siku hizo mbili mna miezi kama mitano tu. Kila kitu kisichoweza kuvumilia baridi lazima kizaliwe, kikue na kuchanua ndani ya muda huo.

MAJIRA YA KUPUKUTIKA: KAZI HUANZA MWISHONI

Mtu angedhani kwamba bustani huanza katika majira ya kuchipua. Sivyo. Huanza wakati kila kitu kionekanapo kufa. Mwezi wa Septemba na Oktoba, majani ya miti yakiisha kuwa mekundu na manjano, mwenye bustani huchukua jembe na kwenda kupanda matunguu. Tunguu ni kiini kinene kikaacho ardhini, mfano wa kitunguu, ambacho ndani yake mna chakula cha mmea pamoja na chipukizi la ua la mwaka ujao. Ua lijulikanalo sana katika jamii hii ni tulipu.

Tulipu hupandwa kina cha kama sentimita 15, ncha ikielekea juu. Kanuni iliyo rahisi kukumbukwa ni hii: shimo liwe na kina cha mara tatu ya kimo cha tunguu lenyewe. Likipandwa juu juu, kindi, wanyama wadogo wenye mikia ya manyoya, hulifukua na kulila. Wenye hekima huchanganya na dafodili, kwa kuwa matunguu ya dafodili yana sumu na kindi hawayagusi.

Hapa pana jambo la ajabu linalostahili kufikiriwa. Tulipu haivumilii baridi tu, bali yaihitaji. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, ambako majira ya baridi ni makali. Pasipo kukaa majuma 12 hata 16 katika baridi, lile chipukizi lililo ndani ya tunguu halirefuki wala halichanui vizuri. Mtu akilipanda tunguu hilo Nairobi au Mombasa, huenda likatoa majani, lakini halitarudia kutoa ua la fahari mwaka baada ya mwaka. Yale yawezayo kuua mmea mmoja ndiyo yaamshayo mwingine.

Kazi nyingine ya majira haya ni kuokoa mimea isiyoweza kukaa nje. Dalia, ambayo kwao ni Meksiko, na gladiola, ambayo jamii yake kubwa hutoka Afrika, haziwezi kustahimili udongo ulioganda. Jalidi ya kwanza ikiisha kuyafanya majani ya dalia kuwa meusi, shina hukatwa, mizizi yake minene hufukuliwa polepole, huanikwa ikauke, kisha hufunikwa kwa unga wa mbao na kuwekwa katika chumba cha chini ya nyumba, mahali penye baridi kidogo lakini pasipoganda. Mtu avivuye kazi hiyo juma moja tu hupoteza dalia zake zote.

ZAWADI YA MATUNGUU

Tulipu za Ottawa zina habari yao. Mwaka 1940, katika Vita Kuu ya Pili, nchi ya Uholanzi ilitekwa na majeshi ya Ujerumani. Juliana, binti wa malkia wa Uholanzi, alikimbilia Kanada pamoja na watoto wake, akakaa Ottawa. Tarehe 19 Januari 1943 alijifungua huko binti, akaitwa Margriet. Serikali ya Kanada ilitangaza kwamba mahali atakapozaliwa mtoto huyo patahesabiwa kuwa nje ya mamlaka ya Kanada, ili apate uraia wa Kiholanzi peke yake.

Wakati ule watu waliobaki Uholanzi walikuwa katika dhiki. Majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945 yaliitwa ya njaa. Chakula kilikosekana hata watu wakachemsha na kula matunguu ya tulipu ili waishi. Majeshi ya Kanada yalishiriki katika kuikomboa nchi hiyo, na Wakanada zaidi ya 7,600 walikufa huko. Vita vilipokwisha, katika mwaka huo huo wa 1945, Waholanzi walipeleka Ottawa matunguu 100,000 ya tulipu kuwa shukrani. Yatafakari hayo, msomaji. Watu waliokula matunguu kwa njaa katika miezi ya baridi waliyatoa kuwa zawadi mwaka ule ule. Tangu hapo Uholanzi imeendelea kupeleka matunguu kila mwaka, na tangu mwaka 1953 mji wa Ottawa hufanya sikukuu ya tulipu mwezi wa Mei.

MAJIRA YA BARIDI: BLANKETI JEUPE

Maji yakiganda huongezeka ukubwa. Mmea mwororo, kama mhindi au mgomba, una maji mengi katika majani na shina. Yakiganda, vijumba vidogo vidogo vya mmea hupasuka, na jua likitoka mmea huo hunyauka usiinuke tena. Mimea ya nchi za baridi imejifunza njia nyingine. Mchana uanzapo kufupika, huangusha majani, huondoa sehemu ya maji katika vijumba vyake, na huongeza sukari. Maji yenye sukari, kama yale yenye chumvi, hayagandi upesi. Basi mmea hulala; haukui wala haufi.

Kisha huja theluji. Wengi wetu twadhani kwamba theluji ndiyo iuayo mimea, kumbe mara nyingi ndiyo iiponyayo. Theluji mpya ina hewa nyingi ndani yake, kama pamba au manyoya, na hewa hiyo huzuia baridi isipenye. Juu ya theluji hewa yaweza kuwa digrii 20 chini ya kuganda, hali udongo ulio chini ya theluji nene umepoa digrii chache tu. Mahali palipofagiliwa theluji, baridi huingia ardhini kina cha mita moja au zaidi. Ndiyo maana mabomba ya maji ya mji huzikwa chini sana.

Adui mkubwa si baridi idumuyo, bali ni ile ibadilikayo. Joto likipanda siku mbili na kushuka tena, udongo hulainika na kuganda, hulainika na kuganda, na kila mara husukuma mizizi juu hata ikabaki wazi. Kwa hiyo mwenye bustani hutandaza majani makavu au matawi juu ya matuta. Naye hafanyi hivyo mapema. Hungoja udongo ugande kwanza. Nia yake si kuupa mmea joto, bali kuuacha katika usingizi wake. Mawaridi yasiyo na nguvu hufunikiwa udongo kwenye shina, kimo cha sentimita 25 hivi. Tena mtu huangalia asimwage bustanini theluji iliyotoka barabarani, kwa sababu imechanganyika na chumvi iliyomwagwa ili kuyeyusha barafu, na chumvi huharibu udongo.

UA LA USAMBARA DIRISHANI

Katika miezi hiyo, nje hakuna rangi ila nyeupe na kijivu. Lakini ukitazama madirisha ya nyumba nyingi utaona chungu kidogo chenye majani ya manyoya na maua ya urujuani. Wazungu huliita vayoleti ya Kiafrika. Ua hilo ni letu, watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyetawala sehemu za Tanga, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaliandika katika vitabu vya elimu kwa jina la Saintpaulia. Kwao lilikuwa likimea katika milima ya Usambara, chini ya kivuli cha msitu, juu ya mawe yenye unyevu. Kwa kuwa lilizoea kivuli, laridhika na mwanga mdogo wa dirishani; nalo halipendi kumwagiwa maji baridi juu ya majani, maana hupata madoa.

Kenya nayo ina ndugu ya ua hilo, limealo katika msitu wa Mbololo, milima ya Taita, wala halijulikani kumea penginepo po pote duniani. Misitu ya Taita imebaki vipande vidogo vidogo. Basi ajabu ni hii: ndugu yake hutunzwa kama mtoto katika mamilioni ya nyumba ambamo nje mna theluji, na yeye mwenyewe huenda akatoweka hapa kwa shoka na moto wa mkaa. Msitu huo ukiisha, hakuna dirisha litakaloturudishia.

MAJIRA YA KUCHIPUA: SUBIRA

Kabla theluji haijaisha, kazi huanza ndani ya nyumba. Mbegu za maua yasiyopenda baridi hupandwa katika visanduku karibu na dirisha, majuma 6 hata 8 kabla ya siku ya jalidi ya mwisho. Miche ikikua haitolewi nje ghafula. Siku ya kwanza hukaa nje saa moja au mbili penye kivuli, siku ya pili zaidi kidogo, na hivyo kwa muda wa siku 7 hata 10, mpaka izoee upepo na jua. Mche usiozoezwa hufa kwa jua lile lile uliokuwa ukilingojea.

Mwezi wa Aprili matunguu madogo hutoa maua, mengine katikati ya mabaki ya theluji. Mei ni mwezi wa tulipu. Zikiisha kuchanua, ua lililonyauka hukatwa, lakini majani huachwa yawe manjano yenyewe, yapata majuma sita. Macho hayapendezwi nayo, lakini ndiyo yapikayo chakula kiwekwacho katika tunguu kwa mwaka ujao. Akataye majani kwa ajili ya unadhifu wa leo hukosa ua la kesho.

Siku zenye jua huwashawishi watu kupanda mapema. Wazee wa bustani huko wana kanuni: usitoe miche myororo nje kabla ya Sikukuu ya Victoria, iliyo Jumatatu ya kabla ya tarehe 25 Mei. Wasio na subira hupanda mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya jalidi, na mara ya pili kwa ajili yao wenyewe.

Ndipo huchanua malailaki, vichaka vyenye harufu nzuri. Katika Shamba Kuu la Majaribio la serikali, lililoanzishwa Ottawa mwaka 1886, bibi mmoja jina lake Isabella Preston alianza kazi mwaka 1920, akachanganya mbegu za malailaki hata akapata aina mpya ziwezazo baridi kali. Nyingi alizipa majina ya wanawake wa michezo ya Shakespeare. Lailaki hutengeneza matumba yake katika majira ya joto yaliyotangulia. Kwa hiyo hupogolewa mara tu baada ya kuchanua. Apogoaye katika Oktoba hukata maua ya Mei bila kujua.

MAJIRA YA JOTO: MALIPO

Juni huleta mapeoni, maua makubwa yaishiyo shambani miaka 50 na zaidi mahali pamoja. Siri yake ni moja: macho ya mzizi yasifunikwe udongo unaozidi sentimita 5, kwa maana yanataka kuonja baridi. Yakizikwa chini, mmea hutoa majani mazuri bila ua hata moja.

Mawaridi pia huchanua. Zamani mengi yalikufa kila mwaka, mpaka mwaka 1961 Dkt. Felicitas Svejda alipoanza katika Shamba lile lile kutafuta mawaridi yawezayo kustahimili baridi ya Kanada pasipo kufunikwa. Aina alizozipata ziliitwa kwa majina ya wavumbuzi wa kale, kama Martin Frobisher, lililotolewa mwaka 1968. Kazi ya namna hiyo haina haraka: hupandwa mamia ya miche, huachwa nje, na baridi yenyewe ndiyo ichaguayo.

Penye kivuli hupandwa ua jingine la kwetu, liitwalo Impatiens, ambalo asili yake ni tangu Kenya hata Msumbiji. Kwetu huishi miaka kadhaa kando ya mito. Kule Ottawa ni la miezi minne tu. Hupandwa Juni, na jalidi ya kwanza hulilaza chini kwa usiku mmoja. Mmea ni ule ule. Nchi ndiyo iupimiayo umri.

MAFUNDISHO KWETU

Hatuna theluji mashambani, lakini mambo matatu yatufaa. Kwanza, kila mmea una kwao, na mwenye busara huuliza habari za kwao kabla ya kununua. Mtu akikuuzia matunguu ya tulipu kwa bei kubwa ili uyapande Nakuru, mwulize majuma 12 ya baridi utayapata wapi. Panda dalia, gladiola na mawaridi, ambayo hustawi sana katika nyanda zetu za juu. Pili, mkulima wa Kinangop aweza kufunika miche yake jioni kwa nyasi kavu au gunia, usiku ukionekana kuwa mweupe usio na upepo, na kufunua jua likipanda. Tatu, baridi ya wenzetu ni soko letu. Bustani zao ziwapo chini ya theluji katika Februari, mawaridi ya Naivasha husafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Anayeijua kalenda ya mnunuzi huuza vizuri kuliko asiyeijua.

Juu ya yote, mtunza maua wa nchi ya baridi huzika tunguu katika Oktoba, wala halioni tena kwa miezi sita. Hafukui kutazama kama li hai. Hutimiza kazi yake kwa wakati, kisha hungoja.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini theluji huweza kuuokoa mmea badala ya kuuua?
2. Kwa nini majani ya tulipu hayakatwi mara ua linyaukapo?
3. Eleza tofauti ya jinsi mwaka ugawanywavyo kwetu na jinsi ugawanywavyo Ottawa.
4. Taja maua mawili yenye asili ya Afrika Mashariki yapandwayo katika nchi za baridi. Je, kijijini kwako kuna ua la msituni ambalo wazee walijua jina lake? Liulize na uliandike.